Aliniita yaya, nikamsahihisha

Anti, shikamoo.

Mimi ni mwanamke wa miaka 38, mzaliwa wa Bukoba, mkazi wa Tabata, Dar es Salaam. Nafanya kazi kwenye kampuni ya uwakala wa forodha. Tunatoa mizigo bandarini, na mingi inakwenda Kongo kwa malori, kupitia Tunduma na Zambia mpaka Kasumbalesa. Naongea lugha nne: Kihaya cha nyumbani, Kiswahili, Kiingereza, na Kifaransa nilichokilipia mwenyewe, miaka mitatu ya kozi za jioni, natoka kazini nakimbilia darasani na andazi mkononi. Ofisini wananiita Mkalimani. Sitaficha, jina hilo nalipenda.

Mwezi Juni bosi alinituma Lubumbashi, mimi na mwenzangu wa uhasibu, tukaonane na wateja ambao miaka yote tunawajua kwa sauti tu. Sikuwahi kukanyaga Kongo. Nilijiambia: kwenye Kifaransa nitapita, kwenye Kiswahili nitapeta.

Mwanzo ulikuwa mzuri mno. Tulishuka uwanja wa ndege wa Luano, tukarudisha saa zetu nyuma kwa saa moja. Baridi ya asubuhi ilinikuta na kiblauzi cha Dar. Dereva aliyekuja kutupokea, aliposikia tunatoka Tanzania, aliupiga usukani kwa kiganja: "Samatta!" Njia nzima ikawa Samatta, jinsi alivyokuwa anafunga, jinsi timu yao, Mazembe, walivyobeba kombe la klabu bingwa Afrika mwaka 2015, ananisimulia kana kwamba nimemzaa mimi. Nje ya dirisha naona vichuguu vyekundu vya ajabu, vingine vinazidi nyumba kwa urefu, na kwa mbali lile bomba la moshi la kiwanda cha shaba na mlima mweusi wa makapi yake. Anti, nilijisikia nimefika kwa ndugu.

Kilichoanza kunichokonoa ni Kiswahili chao. Bantu badala ya watu. Mu nyumba, ku soko. Abari, apana, herufi h wameiacha mpakani. Katoto, tutoto. "Njo" badala ya ndiyo, kila mahali. Bei, tarehe na namba za simu wanazitaja kwa Kifaransa, na katikati ya sentensi unakutana na donc na parce que, yaani kwa hiyo na kwa sababu. Namwamkia mtu mzima shikamoo, haitiki marahaba, ananiambia jambo, ile jambo tunayowauzia watalii.

Mwenzangu yalimkuta makubwa zaidi. Tukiwa dukani kwa mteja, mzee mmoja alimuuliza, "Bibi yako eko namna gani?" Akajibu kwa heshima zote kwamba bibi alifariki mwaka 2009. Mzee akavua kofia. Duka zima likampa pole, mtu akamletea soda baridi. Haikupita saa, simu yake ikaita, akapokea kwa sauti ya furaha: "Haloo, mke wangu!" Ndipo tulipojua kwamba bibi, kule, ni mke.

Tulicheka mpaka hotelini. Mimi nilikuwa nayaandika yote kwenye daftari. Ukurasa wa kushoto niliandika wanavyosema wao, ukurasa wa kulia nikaweka kichwa "Sahihi".

Siku ya tatu mteja wetu mkubwa, mama wa miaka sitini hivi anayeuza vitenge na vyombo vya plastiki, alitualika kwake chakula cha jioni. Huyu ndiye aliyekuwa akinitumia ujumbe wa sauti kila wiki: "Mutoto wangu, kontena yangu iko wapi?" Mezani tulikuwa watu tisa. Bintiye, mwanafunzi wa sheria chuo kikuu, akaja na beseni na birika la maji ya kunawa, akapiga goti kidogo mbele yangu, akasema: "Yaya, nawa. Bantu ba ku Tanzania banapendaka bukari?"

Yaya! Mimi, na suti yangu, mbele ya mtu wa ofisini kwetu. Nikamjibu nikitabasamu, lile tabasamu la mwalimu: "Mdogo wangu, kwanza si bantu, ni watu. Si bukari, ni ugali. Na mimi si yaya. Yaya ni msichana wa kazi anayelea watoto. Mimi nina ofisi yangu."

Maji yaliendelea kunimwagikia vidoleni, naye akawa anayatazama tu. Mama yake akasema kitu kwa Kifaransa, cha kawaida kabisa, karibuni chakula kinapoa. Kuanzia hapo meza nzima ikahamia Kifaransa. Bukari, sombe (kisamvu chao), samaki, foleni ya malori mpakani, bei ya mafuta, yote kwa Kifaransa. Nilielewa kila neno, na sijawahi kujiona mgeni kama usiku ule.

Kesho yake yule dereva wa Samatta ndiye aliyeniambia: yaya ni dada mkubwa.

Tangu nirudi, ujumbe wa sauti umekoma. Mama ananiandikia mistari miwili, "Bonjour Madame" na namba ya kontena, basi. Mzigo bado anatupa, ila nasikia ameulizia bei kwa wakala mwingine. Bosi hajui lolote, na anataka nirudi mwezi ujao. Mwenzangu anasema nisijisumbue, nilichosema ni sahihi, kamusi iko upande wangu. Nifanyeje, Anti? Naombaje radhi kwa kosa ambalo kisarufi si kosa? Au niende na Kifaransa changu, biashara iendelee, yaishe?

Mkalimani, Tabata

*

Mkalimani mdogo wangu, marahaba.

Barua yako ilikuwa na "so" sita na "bikoz" mbili. Nimezitoa ili ichapike. Nakutajia kwa sababu donc za wenzio umezisikia zote.

Nianze na mwenzako na kamusi yake. Kamusi ingekuwa upande wako kama mngekuwa kwenye mtihani. Ulikuwa unanawishwa mikono. Yule binti hakukuita mfanyakazi, alipiga hesabu fupi: mama yangu anamwita huyu mtoto wake, na amenizidi umri, basi ni dada yangu mkubwa. Akakupa nafasi yako ndani ya nyumba, juu yake, na goti akapiga. Ukakaa kwenye familia ile kama sekunde tano hivi, ukatoka mwenyewe na kutaja ofisi. Ndiyo maana mama hakukugombeza. Mtoto wa nyumbani hugombezwa. Mtu wa ofisi huitwa Madame na kuongeleshwa Kifaransa, kwa kuwa kule Kifaransa ndiyo lugha ya ofisi, ya shule na ya karatasi zenye muhuri. Walikupeleka ulikosema unatoka.

Nikutetee kidogo. Ukizoea maisha ya Dar, neno hilo linachoma, hata mimi ningeshtuka. Kushtuka hakuna ubaya. Wewe ulishtuka ukiwa umeshaandika "Sahihi" juu ya ukurasa, siku mbili kabla ya kukaribishwa mezani, na yule binti akawa ndiye wa kwanza kusahihishwa.

Na mimi ninayekusema siko safi. Ni mtoto wa Ujiji, Kigoma mwisho wa reli. Nilipokuja Dar kusoma, bweni zima lilikuwa linaniomba nirudie nilichosema ili wacheke upya. Muhula haujaisha, naongea kama wao. Likizo nikarudi nyumbani nikamsahihisha bibi yangu (bibi wa kwetu, si wa Lubumbashi). Alikuwa anachambua dagaa uani. Alinisikiliza mpaka mwisho, akaendelea na dagaa wake, na siku tatu zilizofuata hakunituma chochote. Si maji, si chumvi, si kwa jirani. Alikuwa anawatuma watoto wa watu wanaopita njiani, mimi nimekaa kibarazani. Kwa hiyo hizo "Bonjour Madame" zako nazijua ladha yake.

Sasa hicho unachokiita sahihi. Kina mwaka wake na wazazi wake wanajulikana. Mwaka 1928 kulikuwa na mkutano Mombasa, chini ya Waingereza, uliochagua Kiunguja kiwe msingi wa Kiswahili cha vitabu. Mwaka 1930 ikaundwa kamati ya kukisimamia katika Kenya, Uganda, Tanganyika na Zanzibar. Kongo ilikuwa ya Wabelgiji, haikuwemo. Sisemi kamati ilikosea, mimi mwenyewe nalipwa kwa Kiswahili hicho. Nasema watu wa Lubumbashi hawakukichukua cha kamati wakakivunja. Hawakukabidhiwa.

Chao kilipita njia nyingine, na hiyo njia inaanzia kwetu. Karne ya 19 misafara ya kutoka Tabora na Ujiji ilikuwa inakwenda Katanga, eneo ilipo Lubumbashi, kufuata pembe na shaba. Msiri, mtu wa Unyamwezi, alikwenda huko kibiashara akaishia kuwa mtawala, makao yake Bunkeya, mpaka walipomuua watu waliotumwa na mfalme Leopold wa Ubelgiji, Desemba 1891. Halafu yakaja mambo ya migodi. Kampuni ya Union Minière iliundwa mwaka 1906, reli ikafika kutoka kusini mwaka 1910, na mwaka huohuo mji wa Lubumbashi ukaanzishwa kwa jina la Élisabethville. Wafanyakazi wakaletwa kutoka Rhodesia ya Kaskazini (Zambia ya leo), Kasai, Rwanda na Burundi. Hebu fikiria kambi ile: huyu Mbemba, huyu Mluba, yule Mnyarwanda, na kengele ya kazi haisubiri mtu ajifunze ngeli. Kila mmoja alitia alichokuwa nacho mdomoni, ba- ya kwao, ka- na tu- za kwao, na Kiswahili kikayabeba yote. Watoto wakazaliwa humo, wakazaa wengine. Leo kuna wazee Lubumbashi walionyonya lugha hiyo na maziwa ya mama, wakati wewe, Mhaya wangu, cha kwako huenda ulikipata kwa mwalimu wa darasa la kwanza, fimbo iko mezani.

Tena wewe! Bukoba mnaitaje watu? Abantu. Ndani ya nyumba mnasemaje? Omunju. Yule binti aliposema bantu, alikuwa anaongea na Kihaya chako moja kwa moja. Kwenye barua Kihaya umekitaja cha kwanza kati ya nne, halafu ulipofika mahali ambapo ndicho kingekufungulia mlango, ukakiacha kwenye begi ukatoa kamusi.

Usinielewe vibaya, sisemi Mkongo asisahihishwe mpaka kiama. Nchi yao iliingia Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022, huyo binti anasoma sheria, na mahakama ya Jumuiya iko Arusha. Siku akikuomba umpe Kiswahili cha barua na mikataba, kaa naye mpaka usiku, mkazane na ngeli zote. Akikuomba. Na kwenye nyaraka za mizigo usilegeze hata kidogo: tarehe na kiasi viandikwe kwa tarakimu, asitokee mtu kudai hakuelewa.

Unauliza kama Kifaransa kitatosha. Kitatosha kutoa kontena. Unaweza kuitwa Madame miaka kumi na mzigo ukatoka kila mwezi, mpaka wakala mwingine apunguze bei kidogo. Mama alipokuwa anakuita mtoto wake hakuwa anaulizia bei kwingine, umeona mwenyewe.

Kwa hiyo piga simu. Usiandike, maana ukiandika utaandika kwa Kifaransa na utajificha humo. Piga jioni, kumbuka wako nyuma yetu saa moja. Ongea na mama kwanza, kwa Kiswahili. Akikujibu kwa Kifaransa usihamie, wewe endelea na chako polepole, mwache ajibu kwa anachotaka. Habari za kontena usiziguse. Mwambie unaomba kuongea na mdogo wako. Na kwa binti yawe maneno machache: "Mdogo wangu, uliniita dada, nikakujibu vibaya mbele za watu. Nisamehe." Hapo nyamaza. Najua utawashwa kumweleza kwamba Dar yaya ana maana nyingine. Usieleze. Kwanza anaweza kuwa ameshajua, simu anayo na ndugu Kariakoo hawakosekani. Pili, ukieleza, ni lile somo lako la mezani limerudi limevaa kanga.

Wakija kucheka wenyewe, siku hiyo simulia kila kitu, na usisahau bibi wa mwenzako aliyefufuka kwa simu. Hiyo bila shaka inasimuliwa dukani pale mpaka leo.

Simu peke yake haitoshi, lakini. Ulimsahihisha kwenye meza ya watu tisa. Ukifika mwezi ujao, omba kwenda kusalimia nyumbani, si dukani, na ulichomwambia kwenye simu ukiseme tena wakiwepo wengine. Zawadi usipeleke vitenge, huyo ndiye anayeviuza. Peleka cha kwenu. Ukipata senene wa Bukoba waliokaushwa vizuri, na ukiruhusiwa kupita nao, hao ndio. Kule watu wanakula viwavi vilivyokaushwa, wanakula kumbikumbi, hawatakukodolea macho kama majirani zako wa Tabata.

Kitu kimoja nakukataza: usianze kuiga. Najua watu wa lugha nyingi mlivyo, siku mbili tu umeshaipata lafudhi. Ukiingia na "banapendaka" yako ya kujifunza, watasikia unawakejeli, hata kama unawapenda. Ongea chako, wao waongee chao. Neno likikupita, uliza. Ukiitwa usivyotarajia, itika kwanza, maana yake utaitafuta hotelini.

Bosi mwambie wiki hii, kabla hajasikia habari ya wakala mwingine kutoka kwa mtu mwingine. Sentensi mbili zinatosha: ulimkosea mteja heshima nyumbani kwake, na unakwenda kurekebisha. Ya yaya na bukari si lazima ayajue.

Na huenda safari nzima ukabaki Madame. Kwangu mimi ilichukua siku tatu na nilikuwa mjukuu wa damu.

Daftari nalo nenda nalo, umelifanyia kazi. Ila lile neno la ukurasa wa kulia lifute, uandike "Dar".

Anti